Aprikoti za Mwanyumba

Jumapili, tarehe 2 Juni

Leo nimeuona ufunguo. Ule mkubwa wa duka la matunda la baba mkwe, wenye kamba nyekundu. Aliuweka mezani baada ya chakula, akatutazama wakwe zake wawili mmoja baada ya mwingine, akasema magoti yake yamechoka kusimama dukani na sasa anataka mmoja wetu aushike. Nikakaa wima. Mwanyumba, yaani mume wa mdogo wake mke wangu, alikuwa anachokonoa meno.

Nikajua kazi ni yangu. Mimi ndiye mkwe mkubwa. Tena ni mpiga picha, mtu wa macho, na tunda huuzwa kwa macho. Mwanyumba ni fundi friji. Maisha yake yote yuko nyuma ya friji za watu.

Lakini mzee hakumpa mtu ufunguo. Ametoa kreti mbili za aprikoti. Ni tunda dogo la mviringo, lina kokwa moja katikati, na likiiva huwa la rangi ya chungwa, na ngozi yake laini ina vinyweleo. Hizi za leo ni za kijani na ngumu, ukimrushia mtu unashtakiwa. Mpishi mkuu wa ile hoteli kubwa ameziagiza kwa karamu, na atakuja kuonja Jumamosi mchana. Mzee akaeleza kwamba zimepevuka ila hazijaiva. Kila mkwe achukue kreti moja akaitunze kwake. Atakayeleta zilizo nzuri ndiye atakayefungua duka Jumatatu.

Tulipofika mlangoni kwetu mke wangu akanikumbusha kwamba studio haiingii mteja, kwamba watu siku hizi wanajipiga wenyewe kwa simu, kwamba cherehani yake ndiyo inayotulisha. Nikiukosa ufunguo huu, mjomba wake ana nafasi kwenye mabanda ya kuku. Alisema kwa upole. Upole huo ndio ulionitisha.

Mimi na kuku hatuelewani. Mara ya mwisho jogoo wa mjomba alinifukuza mpaka nikapanda juu ya tangi la maji, na mjomba akawaita majirani waje waone. Sirudi kule. Afadhali nife na kamera yangu mkononi.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeanza mapema. Nimeziosha aprikoti zote kwa sabuni, moja moja, mpaka vinyweleo vikalala. Halafu nikazipaka mafuta ya kupikia kidogo kwa pamba. Zimeng'aa! Mteja akiona tunda linang'aa, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Kisha zote ndani ya friji. Tunda, baridi, mwisho wa habari. Sijui kwa nini watu wanalifanya jambo hili kuwa gumu.

Friji ikagoma. Mlango haufungi sawasawa. Ilinibidi nimeze mate machungu na kumpigia simu Mwanyumba. Akaja na mfuko wake wa vifaa, akabadilisha mpira wa mlango, akakataa hata soda. Nilikuwa nimefunika zile aprikoti kwa taulo, lakini jicho lake likaona. Akaniambia, taratibu kama kawaida yake, kwamba zikiwa bado mbichi ni bora zikae nje kwanza, mahali penye kivuli, mpaka ziive. Ndani ya baridi hazitaiva. Zitasinyaa tu.

Nikamshukuru kwa sauti kubwa. Moyoni nilicheka. Ni nani aliyewahi kusikia fundi friji akimkataza mtu kutumia friji? Hila hiyo, tena ya kitoto. Alipotoka tu nikaongeza baridi mpaka namba ya mwisho.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Redio yetu ina daktari wa lishe, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, anayezungumza kila asubuhi. Wiki hii, kwa bahati yangu, anazungumzia matunda yenye kokwa. Leo alikuwa kwenye aprikoti. Amesema ile rangi yake ya chungwa ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo inasaidia macho. Kuna vitamini C pia. Kuna potasiamu na nyuzinyuzi. Akasema zilizokaushwa zina haya mengi kwa pamoja kwa kuwa maji yametoka, na kwa sababu hiyo mtu anapaswa... Nikazima. Mpango ulikuwa umeshaniingia kichwani na sikutaka kelele.

Mpango wenyewe ni mama mkwe. Anachosema mama mkwe, mzee hufanya. Na mama mkwe analalamika tangu mwaka jana kwamba hawezi kutunga uzi kwenye sindano.

Nikanunua pakiti kubwa ya aprikoti kavu pale supamaketi, nikampelekea kwa heshima zote. Nikamweleza habari za vitamini A. Akauliza ale ngapi. Sikuwa na uhakika, basi nikasema zote, dawa hailiwi nusu. Akala mbele yangu, akazisifu, akaniita mwanangu. Mwanangu! Mwanyumba hajawahi kuitwa hivyo.

Nimerudi nyumbani natembea katikati ya barabara. Mke wangu ameuliza nimefurahia nini. Nimemwambia aanze kushona aproni yenye jina la duka.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Siku kubwa.

Daktari wa redioni ameanza kwa kusema kwamba ndizi mbivu zina hewa fulani inayotoka ndani yake, na zikikaa karibu na matunda mengine huyaivisha haraka sana. Nikaruka. Nikazima redio kabla hajamaliza sentensi. Haraka sana! Maana yake nikiweka ndizi kwenye kreti ya Mwanyumba leo, Jumamosi atakuwa na uji.

Sioni vibaya. Kwenye mashindano kila mtu anatumia alichonacho. Yeye alitaka kuniponza kwa habari ya friji.

Nikanunua ndizi mbivu, zile zenye madoa meusi, nikazificha kwenye mfuko wa kamera. Nikaenda kwa Mwanyumba kumshukuru kwa ule mpira wa friji. Akafurahi sana kuniona, akaniwekea kiti. Akanionyesha aprikoti zake bila hata kuombwa. Jamani! Amezitandaza kwenye sinia pana, safu moja tu, haziegemeani, chini karatasi, juu gazeti. Hajaziosha hata kidogo. Vumbi lake lipo. Chumba chenyewe ni kile cha nyuma cha vifaa, dirisha dogo, baridi kama kisimani. Anasema ukizirundika, za chini zinaumia. Anazichungulia asubuhi na jioni kama mtu mwenye watoto wanaoumwa.

Nikabonyeza moja. Ngumu vilevile. Mwenyewe akakiri kwamba ana wasiwasi, huenda Jumamosi ikafika hazijaiva. Nilimpa pole. Nilijitahidi sana na uso wangu.

Mteja akamwita nje kuhusu friji iliyokuwa ikivuja. Nikafunua gazeti, nikasambaza ndizi zangu kwenye kila sinia, nikafunika. Aliporudi nilikuwa nimekaa, nimekunja mguu, nasifia pazia. Akanipakulia chakula. Nilikula, ingawa nilikuwa nimeshiba kwa furaha.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Shemeji, mke wa Mwanyumba, amepiga simu kwa mke wangu. Mama haonekani mezani tangu jana. Yuko chooni. Akitoka anarudi. Mke wangu ameniuliza kama najua lolote kuhusu pakiti moja ya aprikoti kavu. Nikasema najua ni nzuri kwa macho.

Asubuhi hii nikaisikiliza redio mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza, kwa sababu mke wangu aliishika yeye. Daktari alikuwa akijibu maswali ya wasikilizaji. Akarudia kwamba aprikoti kavu zina nyuzinyuzi nyingi, zinalainisha tumbo, kwa hiyo mtu mzima ale chache tu kwa siku. Mke wangu alinitazama. Nikatazama dari.

Msikilizaji mwingine akauliza kuhusu kile kiini kilichomo ndani ya kokwa. Daktari akasema kisiliwe. Kina sumu. Hapo nikaacha kutazama dari.

Kwa sababu jana jioni, katika kusherehekea, nilionja aprikoti moja kutoka kwenye friji. Ilikuwa chungu na kavu. Ili isipotee bure nikapasua kokwa, nikakuta kiini kama lozi, nikakitafuna. Kilikuwa kichungu zaidi. Nikameza. Nilikuwa nimefikiria hata kuviuza vyote kama karanga za kifahari.

Nikajilaza kitandani kungoja kifo. Nikamwita mke wangu nimwachie wosia: kamera na cherehani ziwe zake, taa za studio wapewe wanafunzi wa upigaji picha, Mwanyumba asipewe kitu. Akasema cherehani ni yake tayari. Akasema pia kwamba kimoja hakitaniua, ila nisirudie, na kama nina nguvu za kugawa mali basi nina nguvu za kufagia.

Nimefagia. Kufikia jioni nilikuwa bado mzima.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Balaa.

Nimefungua friji kuzipakia aprikoti zangu vizuri kwa ajili ya kesho. Ni za kijani kama nilivyoziweka, sasa zimekunjamana. Zilizokuwa chini, zile zilizobaki na maji ya kuoshea, zina ukungu mweupe. Mafuta yameganda juu ya ngozi. Nimekata moja. Ndani ni ungaunga, haina maji, haina utamu, haina chochote cha kumwambia mpishi wa hoteli.

Nikakaa sakafuni. Nitasema kweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: niliogopa. Sio kuku tu. Nilimsikia mke wangu chumba cha pili, cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda. Ameshona tangu alfajiri. Hajanilalamikia hata siku moja mbele ya watu. Nilitaka kesho nimwekee ule ufunguo mkononi.

Ndipo macho yangu yakaangukia taa za studio.

Ninazo mbili kubwa, na karatasi za plastiki za rangi za kuziwekea mbele. Nikawasha moja, nikaweka karatasi ya chungwa, nikazipanga aprikoti chini yake. Ajabu! Zimeiva! Zote! Chini ya mwanga ule hata mkono wangu ulionekana umeiva. Nikazigeuza makunyanzi yatazame chini. Nikapiga picha. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka huu.

Nikajinyoosha kidogo kwenye kochi la wateja kwa furaha. Nikaamshwa na harufu. Taa ile ina joto kupita kiasi. Upande uliotazama juu umelainika na kubadilika kuwa kahawia, upande wa chini bado jiwe. Lakini kahawia chini ya mwanga wa chungwa ni chungwa. Nimeshahakikisha.

Kesho nakwenda na taa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika yote, yaishe.

Tulikutana sebuleni kwa baba mkwe. Mzee kwenye kiti chake, ufunguo kifuani. Mama mkwe amekaa karibu na mlango wa choo, na salamu yangu ameijibu kwa kichwa tu. Mpishi mkuu wa hoteli ni mwanamke mnene, mkavu wa maneno, ana kijiko mfukoni. Nikawaomba wafunge mapazia. Mzee akauliza kwa nini. Nikasema ni kwa ajili ya kuhifadhi vitamini. Wakafunga. Nikachomeka taa, nikafunua kreti.

Chumba kizima kikasema aah. Naapa. Hata mzee aliinuka nusu. Nilimtazama mke wangu, akawa anatabasamu, na kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu tajiri.

Mpishi akachukua moja. Akaitazama. Akatembea nayo mpaka dirishani, akavuta pazia.

Sitaki kueleza rangi aliyoiona. Akabonyeza upande mmoja, kidole kikazama. Akabonyeza upande wa pili, kidole kikarudi. Akauliza kama ziliwahi kuoshwa. Nikasema zimeoshwa kwa sabuni na kupakwa mafuta. Akafuta mikono yake kwa muda mrefu sana. Hakutumia kijiko.

Zikaja za Mwanyumba. Harufu ilitangulia. Nilidhani ndio uji wenyewe, nikajiandaa kumpa pole. Akafunua gazeti. Za chungwa, zenye wekundu shavuni, zinabonyea kidogo bila kuumia. Mpishi akala moja. Akala ya pili. Akachukua ya tatu, akamuuliza Mwanyumba amefanyaje, maana aprikoti zilizofika mjini wiki hii zote ni mawe.

Mwanyumba akasema hata yeye hajui aseme nini. Chumba chake ni cha baridi, na Jumatano alikuwa ameshakata tamaa. Ile jioni akafunua gazeti akakuta ndizi mbivu kwenye kila sinia. Kwanza alishangaa, halafu akamkumbuka daktari wa redioni, aliyesema kwamba ukitaka matunda mabichi yaive, yaweke pamoja na ndizi, lakini uzitoe mara yanapoanza kulainika. Akazitoa Ijumaa asubuhi. Zilizoiva akazitia kwenye friji bila kuziosha, ili zisiendelee kuiva, akazitoa leo baridi izitoke na utamu wake urudi. Amemuuliza mke wake, hakuweka ndizi yeye. Basi anamshukuru Mungu, na anamshukuru huyo mtu mwema, popote alipo.

Mpishi akasema huyo mtu mwema ndiye aliyeokoa karamu yake.

Nikaona mlango umefunguka. Aliyeokoa karamu! Nikasimama, nikajikohoza.

"Ni mimi," nikasema. "Ndizi niliweka mimi."

Mwanyumba akanikumbatia. Machozi yalimlengalenga. Mpishi akanishika mkono. Mke wangu akaacha kutazama sakafu. Nikanyoosha kidole kidogo kuelekea kwenye ufunguo, ili mzee asisahau. Mzee hakusogea. Alikuwa anafikiri, na mzee akifikiri huwa anasugua goti.

"Mkwe wangu," akasema, "na kwenye kreti yako, kwa nini hukuweka?"

Nimepiga picha za watu wengi katika maisha yangu, na kila siku nawaomba watulie. Sijapata kuona watu wametulia namna ile. Taa yangu ilikuwa bado inawaka, inanichoma sikio.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Akasema tangu ale zile kavu macho yake yamekuwa mazuri ajabu, leo anamwona mkwewe mpaka ndani.

Mke wangu akafunika uso kwa mikono. Mabega yakatikisika. Nikadhani analia, nikasogea. Anacheka! Anacheka mpaka anashika ukuta, na mdogo wake naye akaanza, na mama mkwe, na mwisho hata mzee. Niliona aibu ya kutosha kunikaa mwaka mzima. Lakini sijamsikia mke wangu akicheka hivyo tangu siku ambazo studio ilikuwa na foleni, na kwa hilo sikumchukia mtu yeyote.

Ufunguo akapewa Mwanyumba. Nikaanza kusikia kuku kichwani. Ndipo Mwanyumba, bado ameushika mkononi, akamwomba mzee nami nipewe kazi dukani, kwa kuwa kama si mimi, kwa nia yoyote niliyokuwa nayo, naye asingeshinda. Mzee akasugua goti tena. Akasema sawa. Kwa kuwa mkono wangu unapenda ndizi, nitatunza ndizi. Ndizi tu. Nisiguse kingine.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Siku ya kwanza kazini. Nimevaa aproni aliyonishonea mke wangu. Haina jina la duka, ameshona ndizi moja kifuani. Amesema imenipendeza.

Ndizi zote za duka zinapita mikononi mwangu: kupokea, kutundika, kutenga za leo na za kesho. Hakuna anayeweza kugusa ndizi bila kuniuliza. Ukitazama vizuri, huo ni uongozi. Mwanyumba ana ufunguo, lakini ufunguo ni wa asubuhi na jioni, na ndizi ni za mchana kutwa.

Nimelitafakari jambo la Jumamosi kwa utulivu. Nimegundua kosa langu. Ndizi zilikuwa chache. Kama ningepeleka mkungu mzima, zile aprikoti zingekuwa uji kufikia Alhamisi, na leo kamba nyekundu ingekuwa shingoni mwangu. Mpango ulikuwa safi. Nilibania tu.

Asubuhi daktari wa redioni alikuwa anaanza kueleza maparachichi. Amesema hayo nayo huivishwa na ndizi, ila mtu awe mwangalifu, kwa sababu... Nikazima. Hayo nimeshayajua.

Maana mpishi wa hoteli ameagiza maparachichi ya Ijumaa. Yamefika mchana, magumu, na Mwanyumba mwenyewe ameyapanga kwenye chumba cha nyuma, safu moja, gazeti juu. Mzee amemwambia wazi: haya yakiharibika, ufunguo atampa mwingine. Mwanyumba amenikabidhi mlango wa chumba hicho akitoka kwenda kutengeneza friji ya mtu. Amesema ananiamini.

Na kwenye ndoano nina mikungu saba.